Majina Yenye Mstari Mwekundu

Mama Feza ameniambia niandike kabla sijasahau, kwa sababu ninyi wawili mtakaoshika daftari jipya hamtakuwa naye kila mara. Magoti yake yamechoka. Basi mimi ndiye mstaafu mwenye umri wa miaka ishirini na mitano. Mkitaka kucheka, chekeni. Kazi ya kutunza daftari la majina huisha daftari linapojaa, na langu limejaa, pamoja na upande wa ndani wa jalada. Kuhusu mshahara sina la kusema, maana haukuwepo. Kuhusu vyeo, niliingia mtunza daftari nikatoka mtunza daftari.

Naandika polepole. Shule niliishia darasa la sita la msingi, mwaka aliokufa mama yangu, na tangu hapo kalamu ya biki na mimi tunasalimiana tu. Na mbele za watu maneno hunikwama kooni. Nilipoitwa kwenye chumba cha maombi, nikiwa na miaka kumi na sita, nilidhani wamekosea mtu.

Chumba mnakijua, nyuma ya kanisa, dirisha moja linalotazama ziwa. Wakati ule kulikuwa na mikeka minne, ndoo ya maji yenye kikombe kimoja, na kiti cha miguu mitatu kilichoegemezwa ukutani. Kiti hicho bado kipo. Waombezi walikuwa saba, wote watu wazima, wakikutana Jumanne na Ijumaa saa tisa za mchana. Mama Feza, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, ndiye aliyekuwa kiongozi.

"Weye njo wa kuandika?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Andika jina langu, nione."

Nikaandika. Wenzake walianza wimbo na kuumaliza kabla sijafika herufi ya mwisho. Mmoja akacheka. Mama Feza hakucheka.

"Huyu njo tulikuwa tunamutafuta," alisema. "Yule aliyekutangulia aliandika mbio, na tukaomba mbio. Jina la muntu si kuku ya kukimbiza."

Kisha akaniuliza nani wangu. Hiyo ni kanuni: kila anayeingia kazini huleta jina moja la mtu wa kwake ambaye hajamwamini Yesu, na jina hilo atalibeba mpaka mwisho, hata kama mwisho hauonekani. Nikasema baba yangu. Nikaandika: Papa Kabwe. Lilikuwa jina la chini kabisa kwenye ukurasa wa kwanza.

Baba yangu alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Gari moshi likisimama gare, yaani stesheni, alilipita lote kwa miguu, na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kutega sikio. "Gurudumu nzima inaimba," husema. "Yenye ufa inakohoa." Nyundo ile aliondoka nayo, iko kando ya kitanda chake. Na tabia aliondoka nayo pia. Hagongi magurudumu tena, lakini hugonga matikiti maji, vyungu, mbao za mtumbwi, na redio inapotaja serikali. Kitu ambacho hajakigonga hakiamini.

Watu wa maombi hakuwaamini hata kidogo, na alikuwa na sababu. Dada yake, Shangazi Nyota, alitajwa kwa jina katika kanisa moja la mtaani, si letu, na mhubiri mgeni aliyesema ameonyeshwa mchawi. Kuanzia siku ile hakuna aliyekula chakula kilichotoka mkononi mwa shangazi. Alipika, kikapoa. Aliuza ndagala, dagaa waliokaushwa, wakabaki kwenye kitunga. Mwishowe alikwenda Zongwe, akafia kule kwa watu wasio wake. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu baba akirudi kutoka kumzika, amepanda mtumbwi wa injini siku nzima, akasema neno moja juu ya watu wa maombi: "Wasali." Akatema mate.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kama nilivyofundishwa.

Jina husomwa mara moja, kwa sauti, taratibu. Baada ya hapo kimya kidogo. Kisha mnaomba. Hakuna kusimulia habari za mtu yule. Mama Feza alikuwa mkali hapo. Mtu akianza, "Bwana, wewe unajua vile alimupiga mukewe siku ya soko, pale karibu na..." alimkata: "Kama anajua, kwa nini unamwambia? Unatwambia siye." Nilijifunza kuwashuku watu wanaoomba kwa habari nyingi.

Niliwashuku pia wanaoleta majina. Alikuja mama mmoja akataka tumwandike mke mwenziwe, "aokolewe ao aondoke." Mama Feza akamwambia, "Hapa tunaandika la kwanza tu. La pili peleka kwingine." Yule mama akafikiri, kisha akachukua mkoba wake na kuondoka.

Na kila jina lina mlango. Ukimwombea mtu, sharti upajue kwake, upite, usalimie, uondoke. Usimwambie kwamba unamwombea, maana atakuona umesimama juu yake. Kwangu mlango ulikuwa rahisi, nilikuwa nalala nyuma yake.

Mtu akiamini, jina lake lilipigwa mstari mwekundu. Wapo waliosema ni ishara ya damu ya Yesu. Ukweli ni kwamba siku alipoamini Papa Lukumba, fundi wa breki aliyefanya kazi na baba miaka mingi, biki ya buluu ilikuwa imekauka na mwalimu wa watoto alikuwa na nyekundu. Maelezo ya damu yalikuja baadaye, na hakuna aliyetaka kuyaharibu. Papa Lukumba aliamini akiwa mgonjwa kitandani. Baada ya majuma matatu akafa.

Miaka ikapita hivyo. Majina yakaongezeka, mistari ikaongezeka kidogo, na lile la chini kwenye ukurasa wa kwanza likabaki safi. Mwaka wa sita nikafanya kosa ambalo nawaandikia ninyi msilifanye.

Daftari haliondoki chumbani. Hiyo ni kanuni ya zamani. Lakini Ijumaa moja majina yalikuwa mengi, wenzangu wakataka kufunga mlango, na mimi nilikuwa katikati ya jina. Nikaliweka daftari chini ya kitenge, nikaenda nalo nyumbani nimalizie. Nikaliacha mezani, nikatoka kuteka maji. Niliporudi baba alikuwa amekaa, miwani usoni, kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Zawadi."

"Papa."

"Kaye hii ya majina ni ya nani?"

"Ya chumba cha maombi, Papa."

"Lukumba alikufa."

"Ndiyo, Papa."

"Iko mustari mwekundu juu yake. Na huyu mama wa samaki, naye alikufa. Mustari. Na huyu muzee wa Lubuye, tulimuzika mbele ya mvua. Mustari." Kidole kikashuka mpaka chini. "Na miye niko hapa, bila mustari." Akavua miwani. "Zamu yangu njo lini?"

Nilikuwa na jibu: mstari ni wa kuamini, si wa kufa. Lilikuwa fupi, hata mtoto angelisema. Likakaa kooni, nami nikasimama na ndoo kichwani, maji yakinidondokea begani. Baba alinitazama kwa muda mrefu huku ametega sikio, kama alivyokuwa akifanya gare. Kisha akafunga daftari kwa ncha za vidole viwili, akalisukuma mbali.

Siku ile nilipika bukari, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. Akasema ameshiba.

Kesho yake pia alikuwa ameshiba. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Halafu nikaelewa kilichokuwa kikiingia nyumbani: ndizi zenye maganda, karanga za maganda, mayai aliyoyachemsha yeye mwenyewe, viazi vitamu alivyovichoma kwa mkono wake. Alikuwa anakula vitu ambavyo mtu hawezi kuvitia kitu ndani. Maji alikwenda kunywa kwa jirani.

Nilipeleka habari chumbani. Kulikuwa na mwombezi mmoja, Yaya Muteba, kaka mkubwa kwetu sote, mwenye sauti ya kuita pikipiki ng'ambo ya mto. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa jina daftarini, akapigwa mstari, kisha akawa mfanyakazi kama sisi. Akasimama papo hapo.

"Hiyo ni roho inapigana! Twende ku mulango yake, wote, siku tatu, tukemee!"

"Muntu anaogopa sumu," Mama Feza akasema, "na weye unataka kumupelekea makelele?"

"Mama, imani..."

"Kaa, Muteba." Akanigeukia. "Alisema tutoe jina lake?"

"Hapana, Mama. Hakusema."

"Basi linabakia. Weye pika. Weka sahani moja tu katikati. Kula mbele yake, upande wake, kisha geuza sahani. Usiseme neno, hilo unaliweza. Kila siku."

"Mpaka lini, Mama?"

"Ulikuja hapa na saa?"

Basi nikafanya hivyo. Kila siku, bukari moja, sahani moja. Nilikula kutoka upande wa baba, nikaigeuza, nikala upande mwingine, nikaisukuma kwake. Yeye alimenya ndizi. Tulikaa hivyo kama watu wawili wanaosubiri gari moshi tofauti. Alikonda. Majirani walianza kuniangalia kisimani, na mmoja aliacha kuniazima chungu.

Hapa nitawaambia neno ambalo hata Mama Feza sikumwambia wakati ule. Nami nilianza kushuku. Jumanne nilipofungua daftari nilitazama mistari myekundu kwa macho ya baba, nikaona makaburi. Nilijiuliza kama maombi yetu hayana kitu ndani yake tusichokijua. Nilijishuku mwenyewe pia. Miaka sita nilikuwa nimemwombea baba, na ni mara ngapi nilitaka aokolewe ili tu wenzangu wasiniulize tena, "Papa yako je?" Nikawa naogopa mwandiko wangu. Niliendelea kuomba, lakini kwa kunong'ona, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Kama nanyi mtafika hapo, jueni kwamba nilifika, na asubuhi yake nilipika.

Mwezi wa saba au wa nane wa sahani ile moja, watu wakaanza kunisimamisha njiani.

"Zawadi, Papa yako alikuja kwetu. Aliuliza kama naumwa."

"Papa yako aliuliza mutoto wangu kama nalala vizuri. Kuna nini?"

Mwanamke mmoja wa Katanika alisema baba alifika kwake kwa miguu, akaomba maji, akanywa, akamtazama akipepeta muhogo, akaondoka. Wote waliosema hivyo walikuwa na mistari. Nikatafuta, nikaona karatasi kwenye mfuko wa koti lake: alikuwa amenakili majina yote yaliyopigwa mstari, siku ile ile nilipokuwa nateka maji. Yeye huandika haraka. Alikuwa anakagua treni yote, behewa kwa behewa.

Ijumaa moja, tukiwa tumepiga magoti, mlango ukafunguliwa bila hodi. Baba aliingia na nyundo yake. Sidhani alikuja nayo kwa ubaya; alikuja kazini, na kazini huendi bila kifaa. Hakuna aliyesema amina. Mama Feza akainuka kwa shida, akamsogezea kiti cha miguu mitatu.

Baba akakigonga kwanza. Hakukaa.

"Waliokufa ni wane," akasema, karatasi mkononi. "Nimeuliza kila nyumba. Muzee alikuwa muzee. Lukumba alikuwa mugonjwa kwanza, mustari wenu ukafuata. Mama wa samaki ni dhoruba, mutumbwi wote ulizama. Wa mwisho ni homa, na alikwenda hospitali kwa kuchelewa. Sikuona mukono wenu." Akakunja karatasi upande mmoja. "Wengine wazima. Nimewagonga. Wengi wanaimba, sikatai. Hata yule mulevi wa bandari, watoto wake wamenona." Akakunja tena. "Lakini moja ina ufa, na mumepiga mustari."

"Nani, Papa Kabwe?" Mama Feza akauliza.

"Yuko hapa ndani."

Yaya Muteba alikuwa bado amepiga magoti. Akageuka. "Papa, ulikwenda kwangu?"

"Nilikwenda."

"Muke wangu alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Nilimuuliza, 'Bwana yako mzima?' Akafunga mukono wake na kitenge, pale palipovimba, akanyamaza. Njo nilijua."

Nilitegemea Yaya Muteba apaze sauti. Sauti ilikuwa mali yake. Hakupaza. Aliweka paji la uso kwenye mkeka. Mama Feza akaniambia, "Zawadi, biki ya buluu. Mwandike tena, huku chini." Nikaandika jina la Yaya Muteba upya, polepole kuliko majina yote niliyowahi kuandika, na mwenye jina akisikia biki ikikwaruza. Tukamwombea siku ile, na miezi mingi baadaye, na mkewe akahamia kwa Mama Feza mpaka alipotaka mwenyewe kurudi. Lakini hiyo ni kazi yao. Nimetaja tu ili mjue kwamba jina huweza kuandikwa mara mbili.

Nilifikiri sasa baba atakula. Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, nyundo begani. Nikapika. Nikala upande wake, nikageuza sahani. Akamenya ndizi.

"Papa," nikasema, "umeona hakuna sumu."

"Kwao sikuona. Kwako sijui." Alisema hivyo bila hasira. "Nilikuuliza zamu yangu njo lini. Weye ulinyamaza. Chuma kinachonyamaza kina ufa."

"Nanyamaza tangu kuzaliwa, Papa."

Akafikiri. Nadhani ilikuwa kweli aliyokuwa ameisahau. Lakini akaendelea kumenya, na mimi nikaona kwamba nitapika hivi mpaka nizeeke. Kisha nikasikia mdomo wangu unauliza kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Papa, watu walipoacha kula kwa Shangazi Nyota, weye ulikula?"

Mkono wake ukasimama na ganda likining'inia.

"Nilikula," akasema.

"Wakati wote walimwogopa?"

"Miye peke yangu. Nilikwenda kila juma. Alinipikia samaki, mukeke. Alikuwa anakaa kunitazama mpaka namaliza." Nje mtu alikuwa anapitisha baiskeli, mnyororo unalia. Baba alitazama ndizi iliyokuwa mkononi mwake, kama mtu aliyepewa kitu njiani asichokiomba. Akaiweka chini. Akanawa mikono, taratibu, kwenye beseni ambalo nililiweka pale kila siku bila kuguswa. Akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akala.

Nilimtazama akitafuna. Nilishuku. Nilidhani anafanya hivyo kwa huruma, au kwa kunijaribu, au kwamba atakwenda nyuma ya nyumba kutapika.

"Chumvi imepita," akasema. Akakata tonge la pili. "Unaniangalia nini? Kula."

Hiyo ni miaka miwili sasa. Ijumaa huja chumbani, hukaa kwenye kiti cha miguu mitatu karibu na mlango. Haombi. "Miye naangalia kama munasali," husema. Mtu akianza kusimulia habari za jirani katika maombi, hugonga sakafu mara moja kwa mpini wa nyundo. Msimwulize kama ameokoka. Mimi niliuliza mara moja, akaniambia nimpe maji. Mwekeeni maji.

Daftari lilipojaa, ilibidi majina yasiyo na mstari yahamishwe kwenye jipya. Kwa mkono wangu ilichukua majuma mawili. Na kwa kuwa nimejifunza kitu, nilimpitia kila mwenye jina kwanza nikamwomba ruhusa mlangoni. Kanuni ile ya kutowaambia watu, mimi nimeifuta; Mama Feza alinung'unika, kisha akakubali. Watatu walikataa, nikawaacha, na hao nawaombea bila karatasi. La baba nililiweka la mwisho. Tulikuwa tunakula.

"Papa, nihamishe jina lako?"

Akatafuna mpaka akamaliza.

"Lete kaye."

Nikaleta madaftari yote mawili na biki zote mbili. Akafuta vidole, akaandika mwenyewe jina lake kwa buluu, mbiombio, mwandiko wa reli unaoegemea mbele, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Akanirudishia ile ya buluu. Ile nyekundu akaigeuzageuza, akaigonga kwenye meza, akaisikiliza.

"Hii inabakia kwangu," akasema.

Iko katika mfuko wa shati lake. Msinunue nyingine.